Majani Yaliyopakwa Mafuta

Profesa Nyamongo hakuweza kulitaja jina la kikundi chake kwa pumzi moja. Kikundi cha Taaluma Mseto cha Uigaji wa Maumbile katika Kiwango cha Nano. Akifika kwenye "nano" macho yamemtoka na mkono unatafuta glasi ya maji. Lakini jina alilipenda kuliko kazi yenyewe. Alilichongesha kwenye ubao, akaupigilia misumari juu ya mlango wa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, kwenye ile kampasi ndogo nje ya mji wa Kisii, ukishika njia ya Mosocho. Viti vibovu havikutolewa. Vilisogezwa ukutani, na sayansi ikapewa nafasi iliyobaki.

Hiyo taaluma mseto, kwa lugha ya watu wa kawaida, maana yake ilikuwa kwamba wasomi watatu wa idara tatu wamekubali kuoneana kijicho chini ya ubao mmoja. Nyamongo, mkuu wao, alikuwa mtaalamu wa mimea ambaye hakuwa ameshika udongo tangu apate uprofesa. Dakta Gibson alikuwa wa fizikia. Alisoma ng'ambo miaka minne, akarudi na koti moja zito ambalo hakulivua hata kwenye jua la Februari. Dakta Neel alikuwa wa kemia, mtoto wa mwenye duka la mabati na misumari mjini Kisii, na Kigusii chake kilikuwa safi kuliko cha Gibson, kwa sababu yeye alikizungumza na wateja wa baba yake tangu utotoni, ilhali Gibson alijitia kukisahau. Kila mmoja aliamini kwamba wale wawili wengine amewabeba mgongoni.

Na kazi? Kazi ilifanywa na Mokeira.

Mokeira alikuwa fundi wa maabara. Alikuwa na shahada yake ya sayansi, halali, yenye alama nzuri, lakini mwaka ule wa 1997 ajira zilikuwa zimeadimika hata kwa wenye shahada mbili, basi akakubali kuitwa fundi na kuvaa koti jeupe lenye jina la mtu mwingine mfukoni. Aliosha vyupa, aliandika vipimo, alipika chai. Na ndiye aliyeleta habari ya nduma, zile ambazo kwingine huitwa magimbi.

Hili la nduma ni afadhali lielezwe hapa, maana wasomi wenyewe walilieleza vibaya kila walipopata kipaza sauti. Jani la nduma halilowi. Limwagie maji, maji yanajikusanya kuwa vitone vya mviringo, yanabingirika, yanaondoka na vumbi lote, jani linabaki kavu na safi. Watoto wote wa Gesima, kule Nyamira kwenye mashamba ya chai, wanalijua hilo, kwa sababu wamejifunika majani hayo kichwani mvua ikiwakuta njiani. Mokeira, mzaliwa wa huko, alikuwa amesoma kwamba wataalamu wa nje wameanza kuuliza sababu yake, na kwamba jibu limo katika vitu vidogo ajabu. Uso wa jani umejaa vijinundu, na juu ya kila kijinundu pamesimama vijisindano vya nta vya kupimwa kwa nanomita, ambayo ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Tone la maji linakaa juu ya ncha hizo, hewa inabaki chini yake, na tone linakosa pa kushika. Ukiweza kuliiga hilo, alisema Mokeira, utapaka mabati ya nyumba au kikapu cha kuchumia chai rangi inayojisafisha yenyewe kila mvua inaponyesha. Aliwaambia wote watatu siku moja wakati wa chai. Wiki iliyofuata Nyamongo aliwaendea wakubwa wa chuo akawaeleza wazo lililomjia.

Jambo moja zaidi: nta ile ni laini mno. Ukiipapasa kwa kidole umeiua, na ukiipaka kitu chochote umeizika. Mokeira aliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, JANI LISIGUSWE, akaibandika ukutani. Gibson aliona hapo pana msumari, akatundika mwavuli wake juu ya karatasi.

Kampasi haikuwa na darubini ya elektroni, ile inayoweza kuonyesha vitu vya kiwango cha nano. Darubini ilikuwa Uingereza, katika maabara iliyoongozwa na Dakta Andrew, mtu mwenye subira ambaye alikubali kupiga picha za majani yao bila malipo. Huyo Andrew alikuwa pia na nafasi moja ya masomo ya uzamili kwa kijana wa kutoka Kenya. Sharti lake lilikuwa moja: mwombaji alete ushahidi wa maandishi, kutoka kwa wakuu wake, kwamba kazi ya utafiti ameifanya kwa mikono yake mwenyewe. Jina juu ya makala lingetosha kabisa. Mwisho wa kuleta maombi ulikuwa Julai ya mwaka uliofuata.

"Jina lako litakuwepo, Mokeira," Nyamongo alimwambia. "La nne. Baada ya Dakta Neel."

"Ahsante sana, Profesa."

Aliamini. Mtu mwenye miaka ishirini na sita, mwenye shahada, anayeosha vyupa, huamini. Jina hilo la nne ndilo lililomtenganisha na kuosha vyupa mpaka nywele zimwote mvi, na alilitaka kwa roho yake yote.

Ikafika siku ya kuchuma majani. Kazi yenyewe ilihitaji mtu mmoja, kisu kikali na utulivu. Nyamongo aliona itahitaji gari la chuo, mpiga picha, sala ya kufungua, hotuba tatu na chakula cha mchana. Shamba lililochaguliwa lilikuwa la mama yake Mokeira, Kwamboka, mjane wa Gesima, aliyekuwa na chai kidogo mteremkoni na nduma kule chini bondeni. Mokeira alimtumia mama yake kijibarua: wageni wakubwa wa chuo wanakuja kuangalia nduma zako, Alhamisi.

Hapo Mokeira alikosea, na hakuacha kujilaumu. Aliandika kwamba wageni wanakuja, hakuandika kwamba majani yasiguswe. Haikumjia akilini kwamba mtu mwenye shughuli zake angeshuka bondeni kwenda kuyagusa.

Sasa, mgeni akitarajiwa katika boma la Mgusii, hakukaliki. Uwanja unafagiliwa, nyumba inasiribwa upya, kuku anafungiwa mapema asije akapotea, na watoto wanaogeshwa na kupakwa mafuta miguuni mpaka wang'ae, kwa sababu mtoto mwenye miguu iliyopauka mbele ya mgeni anamtia mama yake aibu. Kwamboka hakuwa tena na mtoto mdogo nyumbani. Alikuwa na nduma, na wageni walikuwa wanakuja kuziona hizo nduma. Tena jani la nduma, ukilitazama vizuri, lina weupe fulani wa kupauka. Basi Jumatano asubuhi alichukua kitambaa na kopo kubwa la mafuta ya kujipaka, akashuka bondeni, akapangusa na kupaka jani moja baada ya jingine, shamba zima, mpaka jua likatua na mgongo ukagoma kunyooka.

Mokeira alipofika Alhamisi na kuyaona majani yaking'aa kule bondeni, alimwendea mama yake mbiombio.

"Mama, umeyafanya nini?" aliuliza kwa Kigusii, kwa sauti ya chini.

"Nimeyapaka," Kwamboka alisema, uso umemchanua. "Yote. Hata yale ya nyuma ambayo hawatafika."

Mokeira alimshika mama yake mkono akamshukuru, kisha akamfuata Nyamongo aliyekuwa akipigwa picha karibu na gari.

"Profesa, majani haya hayafai. Yamepakwa mafuta, nta yote imekwisha. Yako mengine kule kijitoni, ya mwituni, hayajaguswa na mtu."

Nyamongo alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Mokeira, mimi nimefundisha mimea miaka kumi na tisa. Jani lenye afya hung'aa."

"Lakini hayo ni mafuta ya kujipaka, Profesa."

"Wewe shika trei."

Akashika trei. Angeweza kupaza sauti, na alikuwa nayo sauti. Lakini mama yake alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, kitambaa kipya kichwani, katikati ya majirani waliokuja kushuhudia, na kupaza sauti kungekuwa kumwambia mbele ya kijiji kizima kwamba ameharibu. Mokeira alikuwa na dharau ya kuwatosha wasomi wale watatu na ikabaki. Kwa mama yake hakuwa nayo hata chembe.

Wasomi waliendelea kujiaibisha bila kusaidiwa. Baada ya sala, Nyamongo alimimina maji juu ya jani moja kubwa ili aonyeshe muujiza wenyewe. Maji hayakubingirika. Yalitandaa mabaka mabaka, yakasitasita, yakateremka kivivu na kuacha michirizi. "Mnajionea," alisema Nyamongo, na watu wakapiga makofi kwa sababu mtu mzima mwenye tai amesema wanajionea. Gibson akalichukua jani lile, akalipapasa kwa kidole gumba huku akitikisa kichwa taratibu. Akampa Neel. Neel akalinusa, akalipapasa na yeye, akalirudisha kwa heshima.

Kisha ukazuka ubishi. Jina la idara gani litangulie juu ya bahasha ya kwenda Uingereza? Nyamongo alisema jani ni mmea, hivyo mimea. Gibson akasema maji kubingirika ni mwendo, na mwendo ni fizikia. Neel akasema nta ni kemia tangu dunia iumbwe. Ubishi huo ulikula saa nzima na chakula kikapoa. Mwishowe waliafikiana kila idara iwe na bahasha yake, na kila msomi akaingia shambani kujichumia majani kwa mikono mitupu, akichagua yaliyong'aa kuliko mengine. Bahasha ya kwanza ya mimea, ya pili ya fizikia, ya tatu ya kemia. Walizipiga mihuri waliyokuja nayo.

Walipokuwa wakila kuku wa Kwamboka, Mokeira alishuka peke yake hadi kijitoni, mbali na shamba, palipoota nduma za mwituni ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa kitu. Alikata majani matatu kwa kisu, akiyashika kwenye kikonyo tu, akayatundika ndani ya katoni ili uso wa jani usiguse chochote. Kesho yake kampasini aliyakausha polepole, akayafungia katika bahasha iliyotanuliwa kwa vijiti, akaandika juu yake namba nne, tarehe, na "Gesima, kijitoni". Aliitia ndani ya sanduku pamoja na zile tatu zenye mihuri. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujiuliza sanduku hufungwa na nani.

Picha zilirudi Novemba, katika zile mvua zilizokuwa zinang'oa madaraja. Za bahasha tatu za kwanza zilitia huruma. Uso wa jani ulikuwa umelala, umepakazwa, kama ukuta uliopigwa chokaa na mlevi. Za bahasha ya nne zilikuwa jambo jingine kabisa. Vijinundu vilisimama safu kwa safu, na juu yake msitu wa nta, kila kijisindano mahali pake. Andrew aliandika kwamba hajapata kuona sampuli iliyohifadhiwa vizuri namna hiyo, akauliza swali moja tu: bahasha ya nne iliandaliwaje?

Mokeira aliziona picha hizo mezani kwa Nyamongo alipopeleka chai. Alisimama na sinia mkononi, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Profesa, hiyo ya nne..."

"Ya nne, ndiyo," Nyamongo alimkatiza. "Ni ya idara ya mimea. Ilikuwa ya akiba."

Gibson kwa upande wake alikumbuka vizuri kabisa kwamba yeye ndiye aliyeagiza bahasha ya nne. Neel alikumbuka vizuri zaidi. Walibishana siku tatu mlango ukiwa wazi, na katika siku hizo tatu hakuna hata mmoja aliyesema "tumuulize Mokeira", ingawa Mokeira alikuwa palepale chumbani, mikono ndani ya karai la vyupa. Kumuuliza fundi ni kukiri kwamba hujui. Na fundi akishakujibu, jina lake haliwezi tena kubaki la nne, litapanda juu. Hilo wote watatu walilielewa bila kuambizana, na hapo, kwa mara ya kwanza, taaluma zao zikaungana.

"Tumuulize mwenye shamba," alisema Neel.

Walikwenda Gesima na kilo mbili za sukari na kreti ya soda. Kwamboka hakujua kusema uongo. Aliwaambia alipangusa kila jani na kulipaka mafuta, yote, hata ya nyuma. Walimwandika neno kwa neno. Kabla gari halijafika Kisii, Neel alikuwa amekwishapata nadharia kwamba mafuta ndiyo yanayoiamsha nta. Gibson aliitafutia hesabu. Nyamongo aliipa jina la Kilatini.

Makala ilitoka Machi, katika jarida la Ulaya, ikiwa na majina matatu. Ilieleza kwamba Wagusii wana desturi ya kale ya kupaka majani ya nduma mafuta, na kwamba desturi hiyo huimarisha maumbile ya jani katika kiwango cha nano. Desturi hiyo ya kale ilikuwa imeanza Jumatano moja asubuhi na kwisha jioni yake. Mwishoni waandishi walimshukuru dereva wa gari la chuo.

Mokeira alilitafuta jina lake mara tatu, hata katika orodha ya vitabu. Kisha akaenda kwa Nyamongo.

"Profesa, uliniahidi jina la nne."

"Jarida lina kanuni zake," alisema Nyamongo bila kuinua macho. "Waandishi ni wasomi. Halafu wewe haraka ya nini? Bado kijana. Na vyupa vya Dakta Gibson viko vile vile tangu juzi."

Alirudi kwenye karai akalia, na hakikuwa kilio cha huzuni. Alitamani kumpiga mtu. Mchana huohuo aliandika barua ndefu kwa Andrew akaeleza kila kitu, mafuta, mihuri, vidole gumba, kijito, na ilimpendeza sana kuiandika. Lakini kabla ya kuituma, Jumamosi alikwenda nyumbani, akamkuta mama yake sokoni Gesima amezungukwa na wanawake. Kwamboka alikuwa akiwasimulia kwamba maprofesa wamekuja mara ya pili, na kwamba mafuta yake yameandikwa katika kitabu cha Ulaya. Tangu awe mjane hakuna aliyekuwa na muda wa kumsikiliza sokoni pale. Siku hiyo wenzake walikuwa wameacha ndizi zao chini ili wasikie.

Mokeira alirudi Kisii akaichana barua. Kama angeituma, ingejulikana kwamba mafuta yaliharibu, na mama yake angekuwa kichekesho. Na nani angemwamini fundi dhidi ya wasomi watatu? Julai, mwisho wa maombi, ilikuwa inakaribia, na alijua anaiacha ipite. Aliwachukia wale watu kwa utulivu, akiwa kazini, siku baada ya siku.

Mwishoni mwa Mei ilikuja barua nyingine ya Andrew, na subira yake ilikuwa imepungua. Maabara yake, pamoja na nyingine mbili, zilikuwa zimepaka majani ya nduma mafuta kwa wiki sita. Walichokipata ni majani yenye mafuta. Mhariri wa jarida alitaka maelezo ya maandishi, yenye saini za waandishi wote: nani hasa aliandaa bahasha ya nne, na kwa njia gani? Wasipojibu, makala itafutwa hadharani na chuo kitaarifiwa.

Mlango ukafungwa. Kwa siku mbili hakuna aliyesikika akibishana humo ndani. Gibson alionekana akipita ukumbini bila koti, na watu wakadhani amefiwa.

Siku ya tatu walimwita Mokeira.

"Keti," alisema Nyamongo, akamsogezea kiti. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kumwambia Mokeira aketi. "Wewe tunakuchukua kama binti yetu. Mambo yameharibika kidogo. Sisi tuna majina, yakichafuka hayasafishiki. Lakini fundi akikosea, watu husema ni fundi tu."

"Ni barua tu ya kutia saini," alisema Neel kwa upole. "Hatutakufukuza. Utapewa onyo, basi, yaishe."

Gibson alimkabidhi karatasi iliyopigwa taipu. Mokeira aliisoma.

"Sisi waandishi wa makala tunathibitisha kwamba bahasha ya nne haikuandaliwa na yeyote kati yetu. Majani yake yalichaguliwa, yakachumwa, yakakaushwa na kufungwa na fundi wetu, Mokeira, peke yake, bila maelekezo yetu na bila sisi kujua, kwa njia anayoijua yeye tu. Hatukuhusika kwa namna yoyote na yaliyoonekana ndani ya bahasha hiyo."

Aliisoma tena. Halafu akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, akitafuta kama yupo hata mmoja kati yao aliyeelewa walichokiandika. Hakuwepo. Walikuwa na shahada za uzamivu tatu mle chumbani, na wote watatu walikuwa wakimtazama kwa macho ya watu wanaomtumbukiza mwenzao shimoni na kutumaini hatapiga kelele. Woga ulikuwa umewafanya waandike ukweli mtupu, kitu ambacho ahadi haikuweza kukifanya. Mokeira ilimbidi aume shavu kwa ndani.

"Hapa mmesema bila maelekezo yenu," alisema. "Ni kweli?"

"Kabisa," alisema Gibson. "Hatuwezi kusaini uongo."

"Nina ombi moja. Mama yangu asitajwe popote, wala mafuta yake. Semeni tu kwamba zile bahasha tatu ziliharibika mikononi mwenu."

Walitazamana. Nyamongo alikubali, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Wakaongeza mstari.

"Na njia niliyotumia, niiandike?"

"Andika," alisema Neel. "Eleza kosa lako lote, usifiche kitu."

Mokeira aliandika mistari minane chini ya taipu. Kisu kikali, kikonyo, kivuli, uso wa jani usiguswe na chochote, kukausha polepole. Kisha ikaja saini, na hapo kikundi kikarudia hali yake ya kawaida, maana kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kujitenga na jambo lile. Nyamongo alisaini juu kabisa. Gibson akasaini pembeni mwake ili asiwe chini. Neel akasaini kwa herufi kubwa kuliko wote. Walipomaliza walipiga mihuri mitatu, bila kuombwa. Mokeira alisaini mwisho, akaichukua barua, akaipeleka mwenyewe posta ya Kisii, akaituma kwa rejista pamoja na fomu zake za maombi.

Jibu lilikuja wiki ya pili ya Julai, likiwa na jina lake juu ya bahasha. Njia yake ilikuwa imejaribiwa na maabara zote tatu, na zote tatu zimeuona msitu wa nta. Makala ya zamani inaondolewa, na badala yake jarida litachapa maelezo mafupi ya njia ya Mokeira, yakiwa na jina lake peke yake. Nafasi ya masomo ni yake, aripoti Septemba. Mwishoni Andrew alikuwa ameongeza maneno kwa mkono.

"Ushahidi uliouleta unapita tuliouomba. Kwa miaka ishirini katika kazi hii sijapata kuona wasomi watatu wakijivua sifa yote na kumvika fundi wao, kwa saini na kwa mihuri. Wafikishie salamu zangu. Ungwana wa namna hiyo ni nadra sana."

Mokeira alicheka mpaka akakaa chini. Hakumwandikia Andrew kumsahihisha.

Gesima alikwenda siku iliyofuata kumwambia mama yake. Kwamboka alilia, akamshukuru Mungu, akasema alijua tu kwamba mafuta yale yana baraka. Mokeira akamwambia ni kweli yana baraka, na alimaanisha alichosema.

Salamu alizifikisha Jumatatu. Alianzia kwa Neel, ambaye aliisoma barua akasimama, akaketi, akauliza kama kuna nakala nyingine. Gibson aliisoma akavaa koti. Nyamongo alikuwa wa mwisho. Aliisoma akiwa ameketi chini ya saa ya ukutani, miwani mkononi, kisha akavaa miwani akairudia. Alipofika kwenye neno "ungwana" aliweka kidole juu yake.

"Na sisi?" aliuliza hatimaye. "Sisi ametuandikia nini?"

"Salamu, Profesa," alisema Mokeira. "Hizo ndizo nimewaletea."